Monita ya Pini 15 na Mkalimani Wake

Waya wa kwanza ulinunuliwa Mbarara na kufika Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, jioni, mfuko wake wa nailoni umejaa vumbi la barabara ya Isingiro. Upande mmoja kichwa cha HDMI, upande wa pili kile cha bluu cha VGA, pini 15 kwa mistari mitatu. Uliingia kote bila kulazimishwa. Monita ikawaka, ikaandika kwamba hakuna kinachoingia, ikazima.

"Papa, hii waya ilishakufa," kijana wa kibandani akamwambia mwenye kazi, Mkongo anayeandikia watu barua na kuwatolea fotokopi. Alikuwa amepata kompyuta mpya, ndogo kama Biblia, lakini monita yake ilikuwa ile ile ya inchi 17 aliyoitumia miaka yote. Mimi, fundi niliyeitwa, nikaupima waya kwa mita: shaba nzima, hakuna palipokatika. Tatizo lilikuwa kwamba ndani hamna kitu kingine zaidi ya shaba.

VGA ilitoka IBM mwaka 1987, enzi za monita za chupa. Inapeleka picha kama volteji inayopanda na kushuka: nyekundu waya wake, kijani wake, bluu wake, kila moja kati ya 0 na 0.7, na nyaya mbili zaidi zinazotangaza mstari mpya umeanza wapi na picha mpya imeanza wapi. HDMI, iliyokuja 2002, inapeleka tarakimu tupu, sifuri na moja, kwa kasi kubwa. Ukiunganisha pini za huku na za kule kwa shaba, monita inasikia kelele isiyo na maana. Waya wa namna hiyo unaweza kufanya kazi kwenye kompyuta chache zilizotengenezwa kutoa lugha zote mbili kwenye tundu moja, na hizo hutazikuta kirahisi. Nalo tundu la VGA lenyewe limeadimika kwenye kompyuta mpya: mwishoni mwa 2010 Intel na AMD, pamoja na watengenezaji kadhaa wa kompyuta, walitangaza kuipa VGA mkono wa kwaheri kufikia 2015.

Watu wa Nakivale hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Foleni moja hapa ina Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiswahili na Kifaransa, na dirishani anakaa mtu anayejibu kwa Kinyankole au Kiingereza. Bila mkalimani hakuna kinachoendelea. Kinachotakiwa kati ya kompyuta na monita ni kifaa chenye chipu ndani, kinachosoma tarakimu na kuzigeuza kuwa volteji. Kwa nje kinafanana na kipande cha plastiki cha kawaida, ndiyo maana waya mtupu unauzika. Tena angalia mwelekeo: kuna cha HDMI kwenda VGA na kuna cha VGA kwenda HDMI, vyote vyeusi, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Muulize muuzaji akuwashie hapo hapo dukani. Akikataa, nenda duka la pili.

Safari ya pili ya Mbarara ikaleta kifaa chenyewe, na picha ikatokea. Lakini herufi zilikuwa zimevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Kompyuta ilikuwa inatuma pikseli 1024 kwa 768, wakati kioo cha monita kina 1280 kwa 1024, na kwenye orodha ya vipimo hicho cha mwisho hakikuwapo kabisa.

Hapa ndipo mafundi wengi hulaumu kompyuta. Mkalimani mzuri huleta na majibu. Ndani ya monita kuna kumbukumbu ndogo ya baiti 128 inayosema mimi ni nani na ninaweza vipimo gani, na kompyuta huisoma kupitia pini ya 12 na ya 15. Nikachomoa waya wa VGA, nikaugeuzia mwanga. Pini ya 9 haikuwepo. Hiyo isikutishe, nyaya nyingi hutoka kiwandani bila hiyo. Ya 12 ilikuwepo, imelala ubavu, imekandamizwa na mtu aliyechomeka kwa nguvu gizani. Niliinyanyua polepole kwa ncha ya sindano, kwa sababu ikivunjika imekwisha. Tulipowasha upya, 1280 kwa 1024 ikajitokeza yenyewe. Kitufe cha AUTO cha monita kikamalizia kazi, herufi zikakaza.

Baada ya dakika chache picha ikaanza kukatika. Kifaa hula umeme wa volti 5 kutoka tundu la HDMI, na tundu hilo linahakikishiwa miliampia 55 tu. Chetu kilikuwa na kitundu cha pembeni cha USB. Tulipokilisha kutoka humo, kikatulia.

Umeme wenyewe wa kibanda ni wa sola, na hapo ndipo monita ya zamani inapodai chake. Ya taa za mirija inakula kama wati 35. Mpya ya LED inaweza kuwa 18. Betri ya volti 12, ampia-saa 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Weka kompyuta ya wati 25, toa asilimia 15 zinazopotelea kwenye inveta: monita ya zamani inakupa kama saa 8 na nusu, ya LED karibu 12. Printa sijaihesabu. Kijana alitaka kuunga monita moja kwa moja kwenye betri, maana adapta yake imeandikwa volti 12. Nikamzuia: sola ikichaji, betri hupanda hadi 14 na ushee. Katikati lazima kiwepo kidhibiti kinachotoa 12 kamili.

Hata hivyo sikumshauri mwenye kibanda anunue ya LED. Kioo cha inchi 17 cha zamani kina kimo cha sentimita 27, na karatasi ya A4 ni 29.7. Cha inchi 19 cha siku hizi, kilicholala kwa upana, kina kimo cha chini ya 24. Kwenye kile cha zamani, mteja anayesimama nyuma ya mwandishi wake anaiona barua yote, imepunguzwa kidogo tu, kuanzia anwani hadi mahali pa sahihi, bila kuisogeza.