Umekuja na Sampo?

Kompyuta ya dukani kwa dada yangu ilianza kwa kupoteza tarehe. Kila asubuhi akiiwasha iliamini ni Januari 2008, naye kabla hata hajafagia aliirekebisha huku akichungulia simu yake. Siku akisahau, risiti zilitoka na tarehe ya enzi ambazo baadhi ya wateja wake walikuwa bado chekechea. Tulicheka tu. Steshenari ya Mbagala haifungwi kwa sababu ya tarehe. Watu wanataka vivuli vya vyeti, barua za kuomba kazi na picha za pasipoti, basi.

Kisha ikagoma kabisa. Akibonyeza kitufe, taa inawaka, feni inajizungusha kidogo, halafu kimya. Alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Kaka, imekata roho."

Kila aliyepita dukani alikuwa na ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mmoja: nunueni mpya. Sina ugomvi na vitu vipya. Lakini printa yake ya risiti za nakala tatu, ile ya sindano inayolia kama cherehani, inaingia kwenye tundu pana lenye vishimo 25, tundu ambalo kompyuta mpya za madukani hazina. Programu anayotunzia madeni ya wateja iliwekwa na kijana ambaye namba yake haipatikani tena. Kubadili mashine ile kungekuwa kubadili duka zima. Nikapanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta pawa saplai.

Nilianza na maduka ya vioo karibu na Mtaa wa Aggrey. Kijana wa kwanza aliniambia pawa saplai za namna hiyo zimeisha duniani. Wa pili alinitolea mpya, nzuri, nzito, ambayo isingeingia kwenye boksi letu hata kwa nyundo, maana mashine nyingi za ofisi za zama zile zilitengenezwa nyembamba na watengenezaji wengine walikata umbo walilolitaka wenyewe. Wa tatu alikuwa muungwana. Alitoka nje, akanionyesha uchochoro kwa kidole. "Kuna mzee mle ndani, anawajua marehemu wote."

Duka la mzee lilikuwa na upana wa mlango, na kina chake sikukiona. Rafu zilipanda hadi darini, kila moja imejaa maboksi yaliyofunguliwa tumbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na sampo?"

Nilikuwa na picha kwenye simu. Aliitazama kwa adabu, akanirudishia. "Picha haipimiki. Kalete chenyewe."

Nimelifikiria sana swali lile. Kwenye maduka matatu waliniuliza nataka nini. Yeye alitaka kuona kilichokufa kabla ya kuzungumzia kitakachokirithi, na nadhani hapo ndipo ufundi wake ulipoanzia, kabla hajashika bisibisi. Anayetafuta spea huanza na kuamini kwamba anajua kilichoharibika. Mimi nilikuwa nimeamua ni pawa saplai kwa sababu jirani alisema hivyo.

Kesho yake nilirudi na sipiyu nzima begani. (Sote tunaliita boksi zima sipiyu, ingawa mwenye jina ni kidude kimoja tu humo ndani, kisichozidi ukubwa wa stempu kubwa. Mzee naye husema hivyo, na kile kidude anakiita prosesa. Sijawahi kumwona akichanganya.) Aliilaza ubavu, akapuliza vumbi, akachomoa kutoka kwenye madabodi ile plagi ndefu yenye matundu 24. Halafu akachukua kipande cha waya kilichopindwa kama kipini cha nywele. Ncha moja akaichomeka penye waya wa kijani, nyingine penye waya mweusi. Ndivyo unavyoidanganya pawa saplai kwamba kuna mtu amebonyeza kitufe. Akaweka mita. Waya mwekundu ulitakiwa kutoa volti 5 na ulitoa. Wa rangi ya chungwa, 3.3, sawa. Wa njano, ambao ndio unaobeba mzigo mkubwa na ulitakiwa kutoa 12, ulionyesha 9, ukateremka, ukazima.

"Jirani yenu hakukosea," alisema. Nilikuwa sijamtajia jirani.

Nilitaka aifungue papo hapo tuone. Alikataa, akaiweka pembeni. Ndani ya kile kikasha, upande unaopokea umeme wa ukutani, kuna kapasita zinazoweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa, na yeye ana vidole kumi ambavyo bado anavihitaji. Tulipoifungua baadaye, vikopo viwili vilikuwa vimevimba vichwa, na juu ya kimoja palikuwa na utando wa kahawia uliokauka kama uji uliochemka ukamwagika. Kapasita za aina hiyo zina majimaji ya kemikali. Nyingi hutengenezwa kustahimili joto la nyuzi 105 kwa saa zilizohesabiwa, pengine 2,000 tu, na kila joto likipungua kwa nyuzi 10 umri huo hukaribia kuongezeka maradufu. Ukienda upande wa pili, hesabu ni ileile: vumbi la Mbagala likiziba feni, joto linapanda na miaka inaliwa. Dada yangu anafagia duka mara mbili kwa siku. Hakuna aliyewahi kumwambia afagie ndani ya kompyuta.

Utafutaji wenyewe ndio ningependa kila mtu auone. Mzee hakuuliza modeli. Aliishika ile iliyokufa kwa mkono wa kushoto, akaigeuza mara moja, akatazama feni inaelekea wapi na tundu za skrubu zimekaa vipi, kisha akaingia gizani na mkono wa kulia ukiwa mbele, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba yake mwenyewe. Alirudi na tatu. Moja aliitupa bila maelezo. Mbili zilizobaki akaanza kuzisoma lebo. Mwanamke wa pwani anayenunua kanga huziona rangi kwanza, lakini hafungui pochi kabla ya kusoma jina, na mzee alisoma namna hiyo, mdomo ukichezacheza: ampea ngapi kwenye waya wa njano, plagi ngapi za hadi diski, ile plagi ndogo ya matundu manne ya prosesa ipo au haipo. Aliyoichagua ilitoka kwenye modeli nyingine kabisa ya kampuni ileile. Waya wake ulipungua kama vidole vitatu. Aliuchomoa kwenye njia yake ya kawaida, akaupitisha chini ya hadi diski, ukafika bila kuvutwa.

Kwa kuwa tumbo lilikuwa wazi, nikaomba na ramu. Hapo alinipa somo nililolipenda. Alifunua sahani ya plastiki iliyojaa ramu, akanipa mbili nifumbe macho na kuzipapasa. Zote zilikuwa na urefu uleule. Zote, alisema, zina miguu 240. Lakini moja ilikuwa DDR2 inayotumia volti 1.8 na nyingine DDR3 inayotumia 1.5, na kinachozitenganisha mkononi ni ule mkato mdogo wa ukingoni, uliosogea kidogo tu. Mkato huo uliwekwa makusudi ili mtu asiingize kisichoingia. Wapo wanaolazimisha, na madabodi zao ziko kwenye rafu zake. Ramu anauza mbili mbili zinazofanana, maana mashine yenye njia mbili za ramu hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa pacha. "Doti," anasema, kama za kanga. Akasugua miguu ya dhahabu kwa raba ya penseli, taratibu, akapuliza, akazibana mpaka vishikizo vya pembeni vikalia.

Nilimuuliza kwa nini mashine hii ina spea wakati ya rafiki yangu, iliyo mpya zaidi, haina. Akasema yangu ina ndugu wengi. Kompyuta za ofisi hununuliwa kwa mamia, zote sawa, na ofisi za ng'ambo zikizichoka huja kwetu kwenye makontena, bado pacha. Zinapokufa, kila moja hufa kwa ugonjwa wake: hii pawa, ile madabodi, nyingine kaiangusha mtoto. Wafu kumi wanatoa wazima sita. Ile ya rafiki yangu, nzuri ya michezo, ilizaliwa peke yake. Tangu hapo nimebadili mawazo kuhusu kununua. Naangalia kwanza mashine ina jamaa wangapi makaburini.

Mzee anategemea mzigo utaongezeka. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, mashine ambazo Windows 11 inazikataa ni nyingi, na huko zilikotoka watazitoa. Wasiwasi wake ni wanunuzi wa chakavu. Wao hupima madabodi kwa kilo, kwa ajili ya shaba na ile dhahabu kiduchu iliyopakwa kwenye miguu, na kwenye mzani nzima na mbovu zina bei moja. Mzee huwahi asubuhi kuchambua kabla yao. Hilo ndilo lililonikera peke yake siku ile: kwamba kitu ambacho kingeifufua mashine ya mtu wa Tandika kinaponea chupuchupu kusagwa, kwa sababu mzee kawahi basi.

Alirudisha kila kitu, akabonyeza kitufe. Mlio mmoja mfupi. Kioo kikahesabu ramu.

"Imesoma," alisema.

Alitaja elfu arobaini kwa vyote. Nikamwomba anipunguzie, akasema basi niiache ile iliyokufa, feni yake bado nzima. Tukamalizana kwa thelathini na tano. Nilipokuwa nanyanyua boksi, akanizuia.

"Saa yake inakaa?"

Sikuwa nimemwambia. Alichokoa kwa ukucha kibetri cha mviringo, akaweka kingine cha namba 2032, milimita 20 upana na 3.2 unene, akaniambia hicho ni zawadi yake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwepo duka lilipofunguliwa. Dada aliwasha mashine, akatoa simu mfukoni kama kawaida yake, akashika kipanya. Alitazama simu, akatazama kioo, akatazama tena simu. Halafu akaenda kuchukua ufagio.