Pumzi ya Mizani Nane

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga, ambaye wanafunzi wake wa zamani bado humpa shikamoo hata sokoni, ana namna yake ya kununua kitabu. Jalada halimshughulishi. Hukifungua katikati, hutafuta aya ndefu kuliko zote, kisha huisoma kwa sauti pale pale mbele ya meza ya vitabu vya mitumba, wapita njia wakimtazama. Pumzi ikimkatikia kabla ya nukta, hukirudisha. "Mkwe wangu ana mimba ya miezi saba," humwambia kijana mwenye meza. "Sentensi hii ataimalizia wapi?"

Wachaguzi wa vitabu nimewaona wengi, lakini huyu huchagua kwa kupima mapafu ya mtu mwingine. Na ana haki. Miezi ya mwisho tumbo huwa limepanda likaibana pumzi chini ya mbavu. Mja mzito akizungumza kwa haraka tu, anahema. Aliye ndani naye maneno hayamfikii sawasawa. Yanapopita kwenye nyama na maji hubakia mapigo, kupanda na kushuka kwa sauti, na kituo. Tena sauti ya mama humfikia kwa nguvu kuliko ya mwingine yeyote, kwa kuwa hupita pia ndani ya mwili unaombeba. Ndiyo sababu Mwalimu, pamoja na umahiri wake wote wa kughani, huishia kwenye kuchagua. Kusoma humwachia mwenye mimba.

Wataalamu walikuja kulithibitisha jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1986, huko Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence walieleza jinsi walivyowapa wajawazito kifungu kimoja cha hadithi, wakisome kwa sauti kila siku katika wiki sita za mwisho. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na vinasa sauti, na kwa mwendo wa kunyonya kwao walikitafuta kifungu kile kile, hata kiliposomwa na mwanamke mwingine. Kumbe kinachotakiwa ni kitabu kinachovumilia kurudiwa. Vingi havivumilii, siku ya nne msomaji ameshachoka.

Basi Mwalimu huchekecha. Riwaya ya Kusadikika anaipenda mno, ila huiweka kando: mhusika wake Karama anajitetea mahakamani kwa hotuba ndefu, na mwenye mimba si wakili. Hekaya za Abunuwasi hupita, maana mama akicheka na tumbo hucheka. Suratu Maryam haina mjadala. Wanawake wengi wa Kiislamu wa pwani huisoma wakiwa na mimba, na aya zake za mwanzo karibu zote hutua kwenye mlio mmoja, iyya, iyya, hata asiyejua Kiarabu akaungojea.

Lakini moyo wake uko kwenye tenzi. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya kwanza vinalingana vina, cha nne kinarudi kwenye bahari, yaani kina cha utendi mzima, na bahari haibadiliki toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimemsikia huyo mkwe akisoma, mgongo kaegemeza ukutani, miguu kainyoosha mkekani. Mizani nane, anavuta pumzi. Nane tena, anavuta. Kwenye bahari anatua, anameza mate, mkono juu ya tumbo, anaanza upya. Hakuna mstari uliomzidi. Washairi wa Pate na Lamu hawakuwapimia wajawazito, najua, lakini sijaona nguo iliyomkaa mtu vizuri kuliko hiyo.

Utendi anaousoma ni wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mnamo 1858. Mtunzi alikuwa mgonjwa, akamwachia bintiye, Mwana Hashima, maneno ya kuishi nayo. Wasichana wa leo hugombana nao kwa yale ya kumtumikia mume, na siwalaumu. Mkwe naye aliguna alipofika hapo. "Ruka, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Huyo wa ndani bado hajafika kwenye mambo ya ndoa."

Siku hizi tumboni huwekwa spika ndogo, piano ikalia, mama mwenyewe kimya anaperuzi simu. Vitabu vipya vya watoto vina picha za kupendeza na karatasi ya kung'aa, lakini sentensi nyingi humo, hasa zilizofasiriwa mbio mbio, utadhani hazijawahi kupita kinywani mwa mtu hata mara moja kabla ya kwenda kiwandani. Na shuleni tenzi zimegeuzwa maswali: hesabu mizani, taja vina, eleza dhamira tatu. Kijana anapata alama zote na hajawahi kuughani hata ubeti mmoja.

Nakala ya huyo mkwe ni fotokopi ya fotokopi. Kurasa za mwisho herufi zimefifia, Mwalimu amezipitia kwa kalamu ya wino. Alikwenda kutafuta kitabu kamili mjini. Dukani walimtolea miongozo ya wanafunzi, ile inayochambua maudhui na fani, bei nafuu, na ya kila kidato. Aliuliza utendi wenyewe uko wapi. Muuzaji akamjibu kwa heshima zote kwamba huo, Mama, hauulizwi na wateja.