Nguvu za Shujaa na Zana Zake

Ukitaka kujua watu wa nchi fulani wanaheshimu nini, sikiliza jinsi wanavyowapa mashujaa wao nguvu. Kisha sikiliza kwa makini zaidi jinsi wanavyowawekea mipaka. Nguvu isiyo na mpaka ni kama mto usio na kingo: maji yake huenea kila mahali, wala hayaendi popote. Katika insha hii nataka kuupima mchezo mmoja wa siku hizi kwa kipimo hicho, na mizani nitaiazima Kitui na Makueni.

Mchezo wenyewe huchezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao ni msimulizi, naye hueleza mahali, hatari na maadui. Waliobaki kila mmoja humwigiza shujaa wake na kusema anatenda nini. Dadu huamua kama tendo limefaulu. Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, ulipotolewa ule uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Baadaye wakatokea watu waliotaka kuigiza mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu, warukao angani na kuinua majabali, na mwaka 1981 ukachapwa mchezo uitwao Champions. Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya kitoto tu. Mtunzi wa mchezo kama huu hufanya kazi ya mtunzi wa hadithi, ila yeye haandiki hadithi moja. Huandika sheria ambazo kwazo hadithi elfu zitazaliwa. Sheria ikiwa mbovu, hadithi zote elfu zitaugua ugonjwa mmoja.

Tuanze na sifa, maana mhakiki asiyeona jema hastahili kusadikiwa anapoonyesha baya. Katika Champions mchezaji hupewa hesabu ya alama, na kwa alama hizo hununua nguvu za shujaa wake, kama mtu aendaye sokoni na fedha za kiasi. Akitaka nguvu nyingi zaidi, sharti akubali udhaifu: adui anayemwinda, siri asiyoweza kuifichua, au kitu kinachomdhuru yeye kuliko wengine. Kila udhaifu humwongezea alama. Sheria hii ina hekima, kwa kuwa husema kwamba udhaifu si aibu ya shujaa, bali ni sehemu ya bei ya ukuu wake.

Wazee wetu waliijua sheria hiyo zamani. Waluo husimulia habari za Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe, mikuki ikivunjika juu yake. Walakini uhai wake ulikuwa katika kivuli chake, na siri hiyo ikafichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui. Watu wa pwani wana Fumo Liyongo, ambaye kisa chake kilitungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo hakuuawa kwa mkuki wala kwa mshale. Alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Tazama tofauti iliyopo. Katika mchezo, udhaifu ni neno lililoandikwa pembeni mwa karatasi. Katika visa hivi viwili, udhaifu umewekwa mkononi mwa mtu wa nyumbani, na adui hawezi kuufikia ila kwa kupita katika mlango wa upendo. Hapo ndipo msikilizaji anapoguswa moyo, na hapo ndipo hesabu ya alama inapopungukiwa.

Sasa tuje kwenye zana. Mchezo mwingine, Mutants & Masterminds, uliotokea mwaka 2002, umeweka kanuni ya wazi: zana hugharimu alama chache kuliko nguvu za mwilini, kwa sababu zana huweza kunyang'anywa, kupotea au kuvunjika. Kanuni hii ni ya haki. Lakini hujibu swali moja tu, yaani zana itapoteaje. Haiulizi ilitoka wapi. Liyongo alipofungwa gerezani, nguvu zake zote hazikukata minyororo. Kilichokata ni tupa, nayo ilifichwa ndani ya mkate wa wishwa ulioandaliwa na mama yake. Kijakazi Saada akaupeleka. Walinzi wakaudharau wakauacha. Na mlio wa chuma kikikatwa ukafunikwa na vishindo vya ngoma ya gungu. Ukiipa tupa ile bei ya alama, ni kitu duni. Ukiitazama katika kisa, imebeba akili ya mama, ujasiri wa kijakazi na kelele za mji mzima.

Basi tuupeleke mchezo huu Ukambani, tuone kama utasimama. Wakamba tangu zamani wamesifiwa kwa upinde na mshale wa sumu. Mtunzi mvivu ataandika, "Mshale wa sumu: huua," kisha ataongeza tarakimu ya madhara na kuendelea na mambo mengine. Mtunzi mwenye bidii atauliza mshale huo hutengenezwaje. Sumu hutoka katika mti uitwao msunguti, ambao huchemshwa muda mrefu mpaka maji yake yanakuwa mazito na meusi kama lami. Ikiingia katika damu, hushambulia moyo. Ikikwisha kupakwa, huvishwa ukanda wa ngozi nyembamba ili isikauke, maana ikikauka hupungua nguvu. Na ngozi hiyo humlinda mwindaji mwenyewe, kwa kuwa sumu haichagui damu. Katika maneno hayo machache mna sheria tatu zilizo bora kuliko tarakimu yoyote: nguvu ya mshale hupungua kwa kadiri ya siku, asiyeufunika hujihatarisha mwenyewe, na asiyejuana na mpishi wa sumu hana mshale, ana kijiti. Tena, ikiwa hadithi ni ya zama zetu, iko sheria ya nne, kwa kuwa uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977. Shujaa wa leo akibeba podo lake, amebeba pia mashtaka yake.

Nchi yenyewe nayo hutunga sheria. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu mpaka pwani, na akiwa huko akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 alirudi, akaandamana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake nyikani. Alipofika mtoni hakuwa na kibuyu. Basi alijaza maji katika ala ya ngozi ya darubini yake na katika mitutu ya bunduki yake. Darubini ni ya kuonea mbali, na bunduki ni ya kuulia. Ukame ulizigeuza zote mbili kuwa vyombo vya maji. Katika nchi ambako mito kama Tiva ya Kitui na Kaiti ya Makueni huonyesha mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, kitabu cha mchezo chenye aina ishirini za silaha, na kisicho na sheria hata moja ya maji, kimeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Ziko pia nguvu ambazo si za mwili. Wakamba humkumbuka nabii Syokimau, ambaye husimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu atoaye moshi akipita kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu katika nchi ya Makueni, ikafika ziwani mwaka 1901. Katika michezo mingi, nguvu ya kuona mambo yajayo ni faida ya vita: shujaa hulikwepa pigo kabla halijamfikia. Syokimau aliona, wala hakuweza kuzuia. Nguvu yake ilikuwa mzigo. Mtunzi anayetaka kuiweka mezani na asimpe mchezaji faida ya dadu. Ampe ukweli mmoja usioepukika, kisha amwachie kazi ya kuchagua nani ataambiwa, na lini.

Kadhalika jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui. Husimuliwa kwamba mtu akilizunguka mara saba, mwanamume huwa mwanamke na mwanamke huwa mwanamume. Anayelifanya jiwe hili kuwa nguvu ya kujibadili mara moja katikati ya mapigano amelitupa jiwe na kubaki na jina lake. Uzuri wa kisa umo katika hesabu ya saba. Mtu aliye katika mzunguko wa tano bado ana nafasi ya kutubu na kurudi nyumbani. Mzunguko wa saba hafiki ila yule aliyeamua kweli.

Lakini kosa kubwa la michezo niliyoitaja ni kwamba huihesabu nguvu kama mali ya mtu mmoja, naye huinunua na kuitia mfukoni. Kitui na Makueni wana neno mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaokusanyika kufanya kazi ambayo mmoja wao hawezi. Kwa mikono ya watu wa namna hii yamejengwa mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kukata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta na kuficha maji kati ya chembe zake, mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi. Nguvu hii haimo katika mwili wa yeyote. Ukimwondoa mtu mmoja, haivunjiki. Ukiwaondoa wote, haipo. Anayemwandikia shujaa wake uwezo wa kuita mvua ameandika muujiza. Anayeandika sheria ya mwethya ameandika nchi.

Yamkini mtu ataniambia kwamba mchezo ni wa kufurahisha, wala si darasa la mila. Nakubali kwamba mchezo usiofurahisha umekufa. Walakini furaha ya mchezo huu hutoka katika shida ya kuchagua, na sheria nilizozieleza huongeza uchaguzi: kutumia sumu leo kabla haijakauka au kuiweka, kubeba silaha au kubeba maji, kwenda peke yako sasa hivi au kungoja majirani wakusanyike. Mtunzi anayenakili nguvu za kigeni na kuzibandika majina ya Kikamba hapati hata moja kati ya hizo. Anapata shujaa yule yule wa kigeni, aliyevaa nguo za kuazima.

Basi kijana utakayeketi na wenzako kutunga mashujaa wenu, kila nguvu uipe mpaka unaomgusa mtu, na kila zana uipe fundi na njia iliyopitia. Uliza nchi inataka nini kabla hujauliza shujaa anataka nini. Na uache nafasi katika karatasi kwa nguvu ambayo hakuna mchezaji awezaye kuishika peke yake, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.