Mshika Firimbi

Katika mchezo wa kandanda watu 22 huja kutafuta ushindi. Mshika firimbi huja kutafuta haki, naye ndiye atukanwaye kuliko wote. Jambo hili laweza kutokea Kabazi, katika Subukia, kama litokeavyo kila penye uwanja wa kijiji usio na ua. Ujira wake ni mdogo, askari wa kumlinda hana, na watazamaji husimama penye mstari wenyewe. Akitoa penalti juu ya wenyeji huzingirwa, na pengine hupigwa.

Zamani, huko Uingereza, kila timu ilileta mwamuzi wake. Waamuzi hao walipopingana, refa aliulizwa akiwa nje ya uwanja. Mwaka 1891 refa aliingizwa ndani, akapewa hukumu peke yake; waamuzi wale wakawa washika vibendera. Basi ampigaye refa ataka kila upande uwe tena na hakimu wake, yaani pasiwe na hakimu.

Watasema wako marefa wala rushwa. Ni kweli. Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi wa Kenya aliikosa safari ya Kombe la Dunia, Urusi, baada ya filamu kumwonyesha akipokea fedha. Lakini aliondoka kwa ushahidi, si kwa mawe.

Refa akikosa, chama kipo cha kumshtaki. Akipigwa, kijana aonaye hatakubali kuishika firimbi kesho. Na pasipo firimbi hapana mchezo. Msomaji, asiyekubali kushindwa si mshindani.