Mkono wa Bibi katika Nyumba za Shamba

Kitabu cha kumbukumbu cha Sayyida Salme binti Said, kilichopigwa chapa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani na kwa jina la Emily Ruete, aghalabu husomwa kwa ajili ya kisa cha binti wa mfalme aliyetoroka Unguja mwaka 1866. Yafaa kisomwe pia kama kitabu cha nyumba. Kurasa zilizo hai kupita zote ni zile za Mtoni, alikozaliwa mwaka 1844: ua mpana wenye tausi, swala na mbuni; mabafu mengi; na roshani ya mviringo ielekeayo bahari, alipozoea kutembea baba yake, Sayyid Said. Salme hafichi kwamba majengo yale hayakufuata mpango mmoja. Huo ni ushahidi wa mkaaji, nao wapita sifa za mgeni.

Lakini kitabu kina pengo. Chaeleza shubaka za ukutani, vioo na vyombo vya kaure, wala hakidadisi sana ni nani aliyeamuru. Dada yake, Bi Khole, yumo kwa uzuri wake, na kwa njama ya mwaka 1859 dhidi ya Sayyid Majid. Khole mjenzi hakupata nafasi kama hiyo. Hata hivyo, huko Bungi ya Unguja (msomaji wa Bungu ya Korogwe asidhani ni kwake) magofu ya nyumba yake ya shamba yangalipo, na njia ya miembe yaitwa kwa jina lake. Safu ile haikuota yenyewe. Kuna aliyechagua mti, na nafasi baina ya shina na shina.

Uingereza, Elizabeth, mke wa Duke wa Rutland, hutajwa waziwazi katika historia ya kujengwa upya ngome ya Belvoir, pamoja na msanifu James Wyatt. Bi Khole hupewa hadithi za mapenzi na ukatili, kana kwamba mwanamke hapandi mti ila kwa tamaa. Uhakiki huo ni dhaifu, ujapokuwa mtamu masikioni.

Haki hiyo, hata hivyo, isiwe ya bibi peke yake. Katika mashamba yale waliochimba na kubeba mawe walikuwa watumwa, na utumwa wa Unguja haukufutwa kwa sheria hata mwaka 1897. Salme, akiandika Ujerumani, aliutetea. Hapo ndipo kalamu ijuayo kila pembe ya Mtoni inapokuwa butu: kivuli cha miti chapata maneno mengi, aliyeitilia maji hapati jina.