Fundi Amsifu Fundi

Katika picha mashuhuri kuliko zote za pikipiki, mwendeshaji hana hata shati. Ni tarehe 13 Septemba 1948, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, nchini Marekani. Rollie Free amelala kifudifudi juu ya pikipiki aina ya Vincent, miguu ameinyoosha nyuma, na mwilini ana nguo ya kuogelea, kofia ya kuogelea na raba. Mavazi yake ya ngozi yalikuwa yamechanika kwa upepo katika majaribio ya awali, akaona heri ayavue. Alipita kwa kasi ya maili 150.313 kwa saa, karibu kilomita 242.

Kila anayeitazama picha hiyo humwona Free kwanza, na ni haki yake. Lakini chini ya tumbo lake kuna injini ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V, iliyotengenezwa Stevenage, Uingereza, na walioiunda hawaonekani popote. Picha nzuri za pikipiki za kale na adimu zimekuja kulilipa deni hilo. Zinamwondoa mwendeshaji, zinaisimamisha pikipiki, na kutuachia kazi ya mikono peke yake.

Kuisimamisha si kurahisisha mambo. Tangi lililong'arishwa ni kioo: hurudisha dirisha, taa, na kitambi cha mpiga picha mwenyewe. Ndiyo maana anayeijua kazi hii haimuliki pikipiki moja kwa moja. Hutandaza kitambaa kikubwa cheupe juu yake, akamulika kitambaa, na chuma kikaakisi weupe huo. Akikisogeza kitambaa shubiri moja tu, mstari wa mwanga hutambaa kutoka kwenye tangi hadi mkiani, na umbo zima likasomeka. Akikosea, tangi huwa bapa kama sinia. Hapo bado hajafuta alama za vidole, na kila akifuta moja huona nyingine mbili. Taa zikikaa sawa, shata yenyewe hubonyezwa mara moja.

Ducati 916, iliyoingia sokoni mwaka 1994, karibu impendelee mpiga picha. Mbunifu wake, Massimo Tamburini, alipitisha mabomba mawili ya moshi chini ya kiti na kulishikilia gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja tu. Ukiipiga kutoka upande wa pili, rimu nzima iko wazi, wala hakuna bomba la kuikinga. Yapo magari ya kifahari yasiyo na mgongo mzuri kama huo.

Britten V1000 ni mtihani mwingine. John Britten na wenzake wachache waliiunda Christchurch, New Zealand, bila kiwanda kikubwa nyuma yao. Haina fremu ya kawaida. Injini ndiyo inayobeba sehemu nyingine. Rejeta imefichwa chini ya kiti, na bodi na magurudumu ni ya nyuzi za kaboni. Ziliundwa 10 tu, na Britten alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 45. Mpiga picha mvivu huridhika na rangi zake za buluu na waridi. Aliye makini husogea karibu mpaka unaona mabomba ya moshi yanavyojikunja na kupishana kabla ya kuungana, na unajua kuna mtu aliyekesha akiyakunja.

Kuna mtindo mmoja siupendi: kuzipaka pikipiki za mashindano rangi upya kabla ya picha, zing'ae kama zimetoka dukani jana. Tangi lililochubuka pale magoti ya mwendeshaji yalipobana ni ushahidi, na kuufuta ni kuidanganya kamera. Sisi tuliozoea bodaboda tunazijua alama za namna hiyo. Hutuambia chombo kimefanya kazi gani na kwa muda gani.

Wengi wetu hatutaigusa Britten maishani, na picha ndiyo njia pekee tuliyonayo ya kuifikia. Basi nina ombi kwa wapiga picha: chini ya picha mmezoea kuandika jina la pikipiki, mwaka wake na jina la mwenye kamera. Ongezeni na jina la aliyeiunda.