Istilahi za Uhakiki Mikononi mwa Wasomaji Vijana

1. Chanzo cha Makala Haya

Zamani kidogo ililetwa mezani petu fomu ya kurasa mbili ili itafsiriwe kwa Kiswahili. Fomu hiyo ilikusudiwa wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 16, ambao kila mmoja wao, baada ya kusoma riwaya, alitakiwa kueleza maoni yake juu ya kitabu. Kazi ilionekana nyepesi. Tulifungua orodha zetu za istilahi za fasihi, tukachukua msuko, mandhari, taharuki, mhusika bapa na mhusika duara, tukayapanga maneno hayo mahali pake, tukairejesha fomu kabla ya siku iliyowekwa. Miezi michache baadaye tulialikwa kuketi na wanafunzi wa shule moja ya sekondari wakati wa kuijaza. Tuliyoyaona siku hiyo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya, nasi twakiri tangu mwanzo kwamba baadhi ya makosa yanayohakikiwa humu ni yetu wenyewe.

Swali letu ni hili: je, istilahi za uhakiki tulizo nazo humsaidia msomaji kijana kusema alichokiona katika riwaya, au humziba kinywa? Swali hili si la walimu peke yao. Katika nchi nyingine maoni ya wasomaji wa umri huo yamekwisha kupewa uzito wa hukumu. Huko Uholanzi watoto wamekuwa wakichagua vitabu wavipendavyo kwa njia ya Kinderjury tangu 1988. Mwaka huo huo ilianzishwa Ufaransa Prix des Incorruptibles, ambayo mshindi wake hupatikana kwa kura za wanafunzi. Ujerumani nako, tangu 2003, baraza la vijana hutoa tuzo yake ndani ya Deutscher Jugendliteraturpreis. Hapa kwetu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Siku itakapofika ya kuwaita vijana wetu nao watoe hukumu, watahukumu kwa maneno gani?

2. Fomu na Mazungumzo

Wanafunzi tuliokutana nao walikuwa wamesoma vitabu vitatu: Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo (2002), Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba (2008), na Takadini cha Ben Hanson, ambacho kiliandikwa kwanza kwa Kiingereza na husomwa katika shule za Tanzania kwa lugha zote mbili. Hivi si vitabu vya juzi, lakini kwa msomaji wa miaka 14 kitabu huwa kipya siku anapokifungua.

Tulizipitia fomu zilipokwisha kujazwa. Karibu zote zilifanana. Kila riwaya ilikuwa na "dhamira nzuri", kila moja "iliielimisha jamii", na kila moja ilikuwa na "lugha rahisi inayoeleweka". Mtu asiyewajua wanafunzi hao angedhani kwamba vitabu vyote vitatu ni kitabu kimoja, na kwamba wasomaji wote ni msomaji mmoja.

Fomu zilipokusanywa, tuliomba ruhusa ya mwalimu tuzungumze nao bila karatasi. Hapo mambo yakabadilika. Kijana mmoja alisema, "Marimba ya Majaliwa inakimbia mno. Nilitaka tusimame kidogo mahali pamoja nipaone." Msichana aliyeketi nyuma yake alisema juu ya kitabu cha Mbogo, "Imekolea, lakini shida zimejaa mpaka kicheko kimekosa pa kukaa. Mama ntilie ninayemjua mimi hucheka na wateja wake." Mwingine akasema juu ya Takadini, "Mtunzi hakutuhubiria. Alimwacha Sekai akimbie na mtoto wake, sisi wenyewe tukaona." Wenzake wawili walimpinga, na ubishi uliofuata ulikuwa wa watu waliosoma.

Tunaweza kukubaliana nao au kuwakatalia, lakini hapana shaka kwamba huo ni uhakiki. Wa kwanza alizungumzia kasi ya usimulizi. Wa pili alipima ukweli wa maisha ndani ya kitabu kwa maisha anayoyajua. Wa tatu alitofautisha kufundisha kwa matendo ya wahusika na kufundisha kwa mawaidha ya mtunzi, jambo linalowasumbua hata wahakiki wazoefu. Hakuna hata moja la maoni hayo lililokuwamo katika fomu zao, kwa sababu fomu tuliyoitafsiri haikuwa na mlango wa kuyapitisha.

3. Bapa, Duara na Shinda

Tutazame istilahi chache kwa karibu. Kugawa wahusika katika bapa na duara kunatokana na E. M. Forster, mwandishi wa Uingereza, katika kitabu chake Aspects of the Novel cha 1927. Kwake, kipimo cha mhusika wa aina ya pili kilikuwa uwezo wa kumshangaza msomaji kwa namna inayosadikika. Sisi tulitafsiri umbo la neno tukakiacha kipimo. Matokeo yake ni kwamba msichana mmoja wa kidato cha kwanza alituuliza, kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, huyu mhusika duara ni mnene?" Darasa lilicheka. Sisi tuliona haya, kwa maana swali lake lilikuwa sahihi kwa mujibu wa Kiswahili anachokijua.

Kisa cha shinda kinafundisha zaidi. Istilahi mhusika shinda hutumiwa kwa mhusika aliye kati ya bapa na duara. Aliyeibuni alikuwa na sikio zuri: shinda ni hali ya chombo kisichojaa, kama katika methali isemayo debe shinda haliachi kutika. Lakini mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Sekai ni mhusika shinda "kwa sababu aliishinda mila". Neno lile la zamani limekwisha kupotea masikioni mwa watoto wengi, na kitenzi kushinda kimechukua nafasi yake. Hapa kosa si la istilahi, bali ni la sisi tunaoitoa peke yake kama kidonge, bila methali iliyoizaa. Mwalimu akianza na debe, mwanafunzi atafika kwa mhusika bila taabu.

Kuna pia tatizo la mipaka ya nchi. Anachokiita mwanafunzi wa Tanzania kisengere nyuma, mwenzake wa Kenya hukijua zaidi kwa jina la mbinu rejeshi. La kwanza lina asili katika msemo wa kale wa kwenda kinyumenyume, na la pili hujieleza lenyewe kwa yeyote ajuaye kurejea. Tukiulizwa ni lipi lifaalo fomu ya mtoto wa miaka 12, hatuoni sababu ya kusita: ni la pili.

4. Majina Yatokayo kwa Wenyewe

Wasomaji wa jarida hili hawana haja ya kukumbushwa kwamba maneno mengi yaliyodumu hayakutoka ofisini. Jina mama ntilie lilitoka midomoni mwa wateja waliosema "mama, nitilie", sahani ikiwa mkononi. Baadaye lilikuja mama lishe, lenye heshima zaidi na linalopendwa katika hotuba, lakini halikuweza kulifuta la kwanza, na mtunzi alipotaka jina la riwaya yake alilichagua lile la wateja. Hakuna mwanafunzi aliyetuuliza maana ya jina la kitabu hicho.

Katika mazungumzo juu ya Takadini, mvulana mmoja alimwita mhusika mkuu "zeruzeru". Kabla hatujasema neno, jirani yake alimsahihisha: "Sema mtoto mwenye ualbino." Akaongeza kwamba neno lile la kwanza huwaumiza watu. Tulijifunza kwamba wasomaji hawa hupima maneno kwa athari yake juu ya mtu, na kwamba hata sisi hatuna budi kujibu tukiulizwa na wao.

5. Msomaji Huyu Aitwe Nani?

Fomu yenyewe ilikuwa na neno lililotutaabisha tangu kichwa chake: jina la riwaya iliyoandikwa kwa ajili ya msomaji aliyevuka utoto lakini hajawa mtu mzima. Tuliandika riwaya ya vijana. Je, kijana ni nani? Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya 2007 humhesabu kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya 2009 humwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Katiba ya Kenya ya 2010 huanza ujana katika miaka 18 na kuumaliza kabla ya 35. Kwa hiyo msomaji wa miaka 16 ni mtoto na kijana kwa pamoja nchini Tanzania, na ni mtoto tu nchini Kenya. Ilhali msomaji wa miaka 13, ambaye ndiye hasa aliyekusudiwa, si kijana katika waraka wowote kati ya hiyo.

Lugha yetu haikosi maneno. Kigoli ni msichana ambaye hajavunja ungo, na barubaru ni mvulana anayeingia utu uzima. Lakini kila moja hutaja jinsia moja tu, na riwaya hatutaki kuigawa hivyo. Chipukizi ni neno zuri, lakini mwandishi chipukizi ni mwandishi anayeanza, na riwaya ya chipukizi ingeweza kueleweka kuwa ni kazi yake. Tineja limezoeleka mijini, ila halina ndugu katika Kiswahili wa kulisaidia kuzaa maneno mengine. Neno balehe lina faida ya kutaja kipindi chenyewe kwa jinsia zote mbili. Twapendekeza basi riwaya ya rika la balehe katika maandishi ya kitaalamu na katika takwimu za maktaba. Juu ya jalada la kitabu na juu ya fomu, umri uandikwe kwa tarakimu. Hakuna msomaji wa miaka 14 atakayefurahi kukumbushwa kubalehe kwake kila anapoazima kitabu.

6. Haja Kwanza, Neno Baadaye

Isidhaniwe kwamba twataka istilahi ziondolewe mbele ya vijana. Siku ile ile tulipata ushahidi wa kinyume. Msichana mmoja alikuwa akihangaika kueleza jambo: kwamba anayetusimulia hadithi anajua hata mawazo ya watu ambayo hayakusemwa, na kwamba hakuelewa mtu huyo ameketi wapi. Alilizunguka jambo hilo mara tatu. Tulimwambia kwamba msimulizi wa namna hiyo huitwa msimulizi maizi, kutokana na kitenzi kumaizi, yaani kutambua mambo. Alilirudia neno, akaliandika mkononi kwa kalamu, na kabla ya kipindi kwisha alikuwa amekwisha kulitumia dhidi ya mwenzake katika ubishi.

Istilahi hiyo ni ngumu kuliko duara, lakini ilipokelewa kwa furaha kwa sababu ilikuta nafasi iliyo wazi. Alikuwa na wazo, akakosa chombo cha kulibebea. Wale waliopewa bapa na duara walipewa vyombo kabla ya kuwa na cha kutia ndani, wakavipanga vizuri kwenye karatasi vikiwa vitupu.

7. Pingamizi na Mapendekezo

Wapo watakaosema kwamba tukifungua mlango kwa maneno ya vijana, lugha ya mitaani itaingia na Kiswahili sanifu kitaharibika. Twaijua hofu hiyo na hatuidharau. Lakini tuyatazame maneno yenyewe. Kukolea ni la jikoni, na mpishi yeyote wa pwani analo. Hadithi isiyo na ladha waliiita chapwa, na iliyopooza wakaiita doro. Maneno hayo yote mawili yamo katika kamusi zetu. Kuhubiri halina aibu yoyote. Vijana hawa hawakutuletea uchafu wa barabarani, bali walichukua vyombo vya nyumbani wakavipeleka kwenye kazi mpya, jambo ambalo ndilo sisi tulioajiriwa kubuni istilahi hulifanya kila siku.

Wengine watasema kwamba mtihani hudai istilahi. Ni kweli, na mwanafunzi hana budi kuzijua. Lakini tathmini ya riwaya na mtihani ni mambo mawili, na tulipoyachanganya katika fomu moja tulipata majibu ya mtihani. Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

(a) Fomu za maoni ya wasomaji walio chini ya miaka 17 ziulize kwa vitenzi: nini kilikushika, wapi ulichoka, nani alikushangaza, wapi mtunzi alihubiri.

(b) Kwa wasomaji hao, mhusika wa sura moja litumike badala ya mhusika bapa, na mhusika wa sura nyingi badala ya mhusika duara. Shinda libaki, lifundishwe pamoja na methali yake.

(c) Mwendo lipokewe kuwa istilahi ya kasi ya usimulizi, na vitenzi vyake viwe kukimbia na kukokota. Kukolea na uchapwa viingizwe katika orodha za maneno ya tathmini.

(d) Kila orodha mpya ya istilahi za fasihi isomwe mbele ya darasa moja la vijana kabla ya kupitishwa, na maswali yao yaandikwe.

Fomu yetu tumekwisha kuiandika upya kwa kufuata kifungu (a). Walimu na wafasiri watakaoijaribu twawaomba watuletee maneno watakayoyasikia, hata yale yasiyowapendeza. Msichana aliyetuuliza juu ya unene wa mhusika duara bado anatudai jibu zuri zaidi ya lile tulilompa siku ile.